Kofia Mbili za Fulana Moja

Alkhamisi, mwezi ishirini Ramadhani, mwaka 1994, kiasi cha saa sita mchana, alifariki mwanangu wa kwanza. Alikuwa na siku tisa. Alizaliwa na kilo moja na robo na akaondoka na kilo moja, maana watoto wale hupungua kwanza ndipo waanze kuongezeka, na yeye hakuifikia hiyo sehemu ya kuongezeka.

Nimeanza na mwisho ili msomaji asikae akitaraji. Mimi nilikaa siku tisa nikitaraji na najua inavyochosha.

Kazi yangu ni fundi cherehani. Wakati ule nilikuwa na upenu wangu Mji Mkongwe, nikishona makanzu. Ramadhani ndio msimu wetu, kwa sababu kila mwanamme wa mjini hufika kumi la pili ndipo akagundua kwamba hana kanzu ya Idi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nguo za mtoto nilikuwa sijakata hata moja. Kwetu hazishonwi mapema, ni mkosi, mtoto mwenyewe kwanza aje. Basi alipokuja kabla ya wakati wake, binti wa fundi cherehani hakuwa na kitambaa cha kufungiwa, akazungushiwa kipande cha shuka ya hospitali chenye muhuri.

Mke wangu alipasuliwa. Nilipoingia kumtazama, daktari alikuwa anabadilisha bandeji, nami nikauona mshono. Nikasema, kwa nia njema kabisa, kwamba pale kwenye kona uzi ungekuwa mwembamba zaidi. Daktari alinitazama tu. Mke wangu, dawa ya usingizi haijamtoka sawasawa, akasema, "Msamehe, daktari. Huyu hata akifika peponi ataangalia pindo."

Mtoto alikuwa chumba cha chini, wodi ya watoto ambao hawajatimia. Siku hizi wanaitwa njiti. Alikuwa mwekundu, mabega yana manyoya, na sura ya mzee aliyeamshwa kutoka usingizi wa mchana. Mpira mwembamba ulimwingia puani, ndio aliokulia. Nilipomwona mara ya kwanza sikuhisi mapenzi, nasema kweli. Nilihisi aibu, kama mtu aliyetoa kazi dukani kabla haijakwisha.

Mama mkwe wangu alikuja siku ile ile. Ni bibi wa mjini, ukoo wake wa Kiarabu, zamani wana mashamba ya karafuu, siku hizi wana hadithi za mashamba ya karafuu. Aliweka uso kiooni, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mbaya."

"Mbaya sana," nikasema.

"Kama kima punju wa msitu wa Jozani. Hatazamiki."

Tulikuwa tunamsifu. Mtoto mchanga hasifiwi kwetu, jicho la watu baya, na huyu hakuwa na mwili wa kupokea jicho la mtu yeyote. Nesi aliyekuwa zamu alitusikia, akaja akatusogeza kando, akatuambia kwa upole kwamba hata watoto wadogo namna hii huwa wanapendeza baadaye, tusimkatae. Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, wewe kwenu wapi?" Nesi akataja kwao, bara, mbali sana. "Basi hujui kitu," mama mkwe akasema. "Huyu nnampenda. Ndio maana nnamtukana."

Kisha akanigeukia. "Umemuadhinia?"

Nilikuwa sijamuadhinia. Mtoto akizaliwa, babake humsomea adhana katika sikio la kulia na kumkimia, yaani kumsomea ule mwito mfupi wa kusimamia sala, katika sikio la kushoto, ili jina la Mwenyezi Mungu liwe la kwanza kusikia duniani. Lakini wangu alitolewa tumboni akakimbizwa chini, na sanduku la vioo likafungwa. Mpaka hapo alikuwa amesikia manesi wakigombania plasta, na redio.

"Utamuadhinia," mama mkwe akasema. "Hata wakikufukuza. Roho ile imekaa mlangoni, haijaamua kuingia wala kutoka. Isiondoke haijaitwa."

Lile neno lilinikaa. Kuponyesha mtoto nilikuwa siwezi. Kitu kimoja nilichoachiwa, ambacho hakitaki cheti wala dawa, kilikuwa hicho. Nikaenda kumwomba nesi. Akasema leo hapana, mtoto anahangaika kupumua. Kesho hapana. Kesho kutwa tutaona.

Wodi ile ilikuwa na masanduku mawili ya vioo, moja zima na moja linalojifanya zima. La pili alikuwamo mtoto wa kiume, naye wa miezi saba. Babake alikuwa fundi bomba wa Jang'ombe, Mkristo, babu zake walitoka bara lakini yeye Kiswahili chake ni kama changu. Tulikuwa tukikaa benchi moja ukumbini. Mchana Ramadhani hakuna pa kula mjini, kwa hiyo alikuwa akifunga kwa kukosa hoteli, na magharibi mama mkwe akileta futari yeye alikuwa wa kwanza kunawa. Alikuwa akisema mkate wa kumimina ndio utakaomsilimisha, siyo mashekhe. Siku ya pili alichoka kukaa bure, akaenda kwake akaleta spana, akatengeneza bomba la wodini lililokuwa likivuja. Kuanzia hapo manesi walimpa salamu kabla yangu.

Wenyewe manesi walisema watoto wanapoteza joto kichwani. Basi usiku nikaikata fulana yangu mpya ya ndani, niliyoiweka kwa ajili ya Idi, nikashona kofia. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliipimia kwenye ndimu. Kitambaa kilibaki, na mimi fundi sipendi kitambaa kubaki, nikashona ya pili nikampa fundi bomba kwa ajili ya wake. Alifurahi sana. Nesi naye akafurahi, akawavisha wote wawili. Nilijiona mtu mwema na nikalala usingizi mzuri.

Alkhamisi ya wiki hiyo ya kwanza lile sanduku linalojifanya zima likaacha kujifanya. Wakamtoa mtoto wa fundi bomba, wakamweka pamoja na wangu, ubavu kwa ubavu, kama mikate miwili kwenye kikapu. Mama mkwe alipoambiwa kwamba mjukuu wake amelala na mwanamme asiyekuwa maharimu wake, akasema, "Astaghfirullah," halafu akauliza kama walau wanapata joto. Akaambiwa ndiyo. Akasema, "Basi waache."

Ijumaa nesi alinikubalia. Alinipa dakika tatu. Nikaosha mikono mpaka viwikoni, nikafungwa kitambaa mdomoni. Sanduku lilikuwa na vidirisha viwili vya mviringo ubavuni, vya kuingizia mikono. Nesi alikuwa kwenye dawa zake, amenipa mgongo. Nilijua wangu ndiye aliye upande wa mlango, nilimwona hapo jana yake. Nikafungua kidirisha, nikainama, nikamsomea adhana yote kwa kunong'ona, halafu nikazunguka upande wa pili nikanyoosha shingo kama bata nikamkimia sikio la kushoto. Jasho lilinitoka. Mtoto alitulia kabisa. Nilitoka pale nikiwa mkubwa kuliko nilivyoingia, nikamwambia mama mkwe, "Tayari." Akanishika kichwa akanibusu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya harusi.

Jumamosi, kwenye benchi, fundi bomba alikuwa akinihadithia mambo ya wodi. Yeye manesi walimwambia kila kitu kwa sababu ya lile bomba. Akasema, "Wale nao. Jana asubuhi wamesafisha, wamegeuza sanduku zima, wa kwangu sasa ndiye yuko upande wa mlango. Mie nusura nimchungulie wako nikidhani wangu. Na kofia zenyewe umezishona hazina tofauti."

Nilihesabu. Asubuhi ya jana waligeuza, na mimi niliingia baada ya sala ya Ijumaa.

Ningeweza kukaa kimya. Hakuna mtu angejua, na mtoto wa watu hakupungukiwa. Lakini nilimtazama yule mtu ana kipande cha mkate wa kumimina mfukoni alichokiweka tangu jana na asikile mbele yangu mpaka magharibi, nikaona siwezi.

"Bwana," nikamwambia, "nna neno."

"Sema."

"Jana nimemuadhinia mwanao."

Aliigeuza spana mkononi. "Kumuadhinia vipi?"

"Sikioni. Nimemdhania wangu."

"Yote?"

"Yote. Na la kushoto nimemkimia."

Alifikiri. "Alilia?"

"Hakulia. Alitulia."

"Basi ni msikivu kuliko babake. Mie naadhiniwa na kipaza sauti dirishani tangu nizaliwe, mara tano kwa siku, sijaamka hata alfajiri moja." Akacheka, kisha akanisogelea. "Lakini mamangu asijue. Yule atamleta katekista na ndoo ya maji, na nesi atatufukuza sote."

"Hatajua."

Halafu akauliza lile ambalo mimi sikutaka kujiuliza. "Na wako je? Kasikia nini?"

"Hajasikia kitu."

Yule mtoto wake yupo mpaka leo. Nimemshonea suruali za skuli mpaka alipokuwa mrefu kunishinda. Anaimba kwaya kanisani, na watu husema ana sauti. Adhana haikumdhuru.

Nilikwenda kwa nesi mchana ule ule kuomba dakika tatu nyingine. Akasema nilishapewa. Sikuweza kumweleza kwa nini nataka tena, aibu ilinishika ulimi, nikasema tu nataka kurudia. "Sala gani hiyo inarudiwa," akasema, "hukuisoma vizuri?" Jumapili mwanangu alibadilika rangi mara mbili, wakazuia watu. Jumatatu wakazuia. Mama mkwe alikuwa ametulia, anazungusha tasbihi, anajua kazi imekwisha. Kila aliponitazama kwa upendo niliinamisha kichwa. Alinidhania nasikitika. Nilikuwa nadanganya kwa kunyamaza, na nilifunga siku zile nikiwa na uongo mdomoni, sijui ilikuwaje hiyo saumu.

Jumatatu hiyo ilikuwa siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina. Jina tulimpa. Mama mkwe alitaka pia anyolewe, nywele zipimwe na fedha ya uzito huo itolewe sadaka, kama ada. Alikuja na wembe mpya ndani ya karatasi. Nesi alimtazama, akatazama wembe, akasema, "Bibi, huyu ana nywele saba." Mama mkwe akajibu kwamba saba ni hesabu nzuri. Wembe ulirudi nyumbani.

Mke wangu wakati wote huo alikuwa hajamwona mwanawe. Mshono uliota usaha ukamtia homa, ile kona niliyoisema, ingawa sikuthubutu kumkumbusha mtu, na manesi walimkataza asije na homa yake kwa watoto. Alikuwa akikamua maziwa juu, mimi nayashusha chini katika kikombe kilichofunikwa, nikishuka ngazi kama mtu aliyebeba mayai ya watu kichwani. Kila siku aliniuliza yukoje. Nilimwambia mbaya. "Mbaya kiasi gani?" Kama mimi, nilimwambia. "Masikini," alisema.

Jumatano homa ilimwachia. Baada ya sala ya alasiri alishuka, ameshika ukuta, mamake upande mmoja na mimi upande wa pili. Nesi alisema tuingie sote watatu lakini haraka, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Sanduku la pili lilikuwa limetengenezwa, wangu amebaki peke yake. Kupumua kwake kulikuwa kunasimama na kuanza, kunasimama na kuanza. Hata mimi nilielewa.

Mke wangu alitazama kwa muda mrefu. Akaweka kiganja kiooni. "Mbona mzuri," akasema.

"Usiseme hivyo," mamake akasema.

"Mzuri, mama. Mlinidanganya."

Hapo nikaona nikinyamaza tena sitakuwa na siku nyingine. Nikasema, "Hajaadhiniwa."

Mama mkwe aligeuka. "Si umenambia tayari?"

"Nilimuadhinia yule wa fundi bomba. Waligeuza sanduku. Kofia zimefanana."

Nesi, aliyekuwa anaandika, akaacha kuandika. Mke wangu alinitazama kama anavyonitazama nikikata kitambaa ndivyo sivyo.

"Kofia umeshona wewe?" akauliza.

"Mimi."

"Fulana yako?"

"Yangu."

Akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, ameushika mshono kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Usinichekeshe, mwanamme wewe, utanifumua," akasema. Halafu kicheko kikaisha. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga na akamwambia nesi amfungulie kidirisha.

"Unataka kufanya nini?" mamake akauliza.

"Kumuadhinia."

"Mwanamke haadhini."

"Basi mwite mwanamme ambaye hakosei, mama. Nnamsubiri. Lakini sidhani kama huyu mtoto atamsubiri."

Mama mkwe alinitazama mimi. Ningeweza kusema nitasoma mimi, na haki ilikuwa yangu. Lakini ya kwanza nilishaipeleka kwa mtoto wa watu, na ya pili sikujiamini nayo. Nikatikisa kichwa. Mama mkwe akavuta mtandio wake mbele, akasema taratibu, "Haya. Mkae upande wa kulia."

Mke wangu hakuinama vizuri kwa sababu ya mshono, ikabidi nimshike kiuno. Alisoma polepole sana. Sauti yake ilikuwa na mafua ya kulia. Alipofika mahali akasahau, mwanamke aliyesikia maneno yale maisha yake yote mara tano kwa siku, nami nikamnong'oneza linalofuata. Sikio la kushoto alirudia adhana ile ile badala ya kukimu, na hakuna aliyemsahihisha. Mtoto alikuwa amefumba macho. Alipomaliza, mtoto akajisaidia.

Nesi akaja mbio, akatazama, akatabasamu mara ya kwanza siku ile. "Tulikuwa tunakingoja hiki tangu juzi," akasema. "Tumbo linafanya kazi." Alifurahi kuliko sisi sote. Kwa kiasi cha saa moja nami nilifurahi. Tulikaa benchini tukizungumza habari ya choo kama watu wanavyozungumza mavuno.

Kesho yake saa sita nesi alitoka mlangoni, akavua kitambaa cha mdomoni. Ndivyo nilivyojua.

Nilikwenda dukani kununua bafta. Mwenye duka ananijua, nanunua kwake kila wiki. Palikuwa pamejaa watu wa Idi. Nikamwambia anipimie yadi moja na nusu. "Hiyo kanzu ya nani?" akasema. "Haifiki hata magotini." Nikamwambia si kanzu. Alinitazama, akalaza kitambaa mezani, akakata taratibu kuliko kawaida yake, akakunja mwenyewe. Bafta nimeikata maelfu ya yadi. Hii sikuishona, sanda haishonwi. Mama mkwe alimwosha na kumvisha. Kofia aliitoa, akaniuliza aiweke wapi. Niliitia mfukoni.

Alasiri tulimsalia msikitini. Nilimbeba mikononi, jeneza halikuhitajika. Fundi bomba alikuja. Alivaa shati jeupe na suruali ya kupigwa pasi, akasema yeye ndani haingii lakini viatu vyangu atavilinda, maana Ramadhani watu wengi na viatu hupotea. Akakaa kwenye baraza ya nje, akanivua makubadhi kwa mikono yake, kwa sababu mimi mikono yangu ilikuwa na mtoto.

Tulipotoka alikuwa amesimama na makubadhi mkononi. Aliinama akaniwekea miguuni. Yalikuwa makubwa, na ukanda wa kulia umeraruka. Hayakuwa yangu. Yeye alikuwa akiutazama uso wangu, hakuyatazama. Niliyavaa, nikaenda nayo makaburini nikiyaburura, nikarudi nayo.

Jua lilikuwa linashuka tuliporudi. Pale barazani msikitini palikuwa na mzee mmoja pekupeku, ameshika makubadhi yangu, madogo, yasiyomwingia. Aliitazama miguu yangu.

"Hayo yangu," akasema.

Fundi bomba akaangalia chini kwa mara ya kwanza. "Mie ndiye niliyekosea, mzee," akasema. "Yamefanana."

Mzee aliuona udongo mikononi mwangu. Akasogea akatupa nafasi. Tukakaa watatu, tukabadilishana viatu. Mama mmoja wa nyumba ya pili akaleta tende kwenye kisahani, na magharibi ikaadhiniwa. Fundi bomba akachukua yake, akangoja mpaka tulipoanza sisi.